Kukwangua Dorcas

Mashua iitwayo Dorcas ilishika mkia tena katika mashindano ya Agosti, na safari hii hata watoto wa kijiji cha Windward walikuwa wameshachoka kuicheka. Ardelia, aliyeachiwa mashua hiyo na marehemu baba yake, aliitazama ilivyodidimia kwa uzito majini kama ng'ombe mwenye mimba. Kila Pasaka baba alikuwa akiipaka rangi mpya juu ya kuukuu. Kukwangua hakukujua.

Basi Ardelia akaipandisha ufukweni, akashika kikwanguo. Nyekundu ikatoka, chini yake kijani, chini yake bluu, halafu nyeupe iliyogandamana kama ukoko wa sufuria. Mabega yalimuuma hata kuchana nywele ikawa kazi.

Mjomba wake Hesketh, aliyeiunda pamoja na baba, akapita na gilasi yake ya ramu.

"We mtoto, hujui hiyo rangi ndiyo inayoshika mbao?"

"Kama ni hivyo, Mjomba, basi hamkuunda mashua. Mlipaka rangi hewani."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa. Kesho yake alikuja na kikwanguo chake mwenyewe.

Mbao zilitoka nzima, zinanukia mwerezi. Wakazikalafati kwa pamba kuziba nyufa, wakapaka rangi nyembamba tu, na Dorcas ikashushwa majini mbele ya kijiji kizima. Papo hapo maji yakaanza kupenya kila mahali.

"Ardelia!" akaita Osbert, bingwa wa miaka yote, kutoka gatini. "Umetuletea chujio!"

Watu wakaangua kicheko. Ardelia alikuwa anafua maji na kuyamwaga nje, machozi yanamlengalenga.

"Mwache Dorcas anywe," Hesketh akamwambia taratibu. "Kakaa juani miezi, ana kiu. Mbao zikivimba zitajifunga zenyewe."

Walifua kwa zamu mpaka jioni. Asubuhi Ardelia akaingia, akapitisha kiganja sakafuni. Pakavu!

Siku ya mashindano ya Agosti iliyofuata, Ardelia na mabaharia wake wakiwa ndani, Dorcas ilikimbia, haikujikokota. Kwenye boya la mwisho ikawa ubavuni mwa mashua ya Osbert, aliyekodoa macho.

"Tukusubiri, kaka?" Ardelia akapaza sauti.

"Nenda zako huko!"

Wakaenda zao, wakamwacha nyuma. Ufukweni ngoma zililia kabla hawajafika, wanawake wanapunga vitambaa, na Hesketh, mzee mzima, akajitosa majini na viatu vyake kwenda kuipokea mashua. Ardelia aliushika usukani kwa mikono miwili, akapiga ukelele hata koo likamkauka.