Mfiwa Hapelekewi Punje

Marietha alitumia mkono wa kushoto, na kwa mshona magunia hilo si jambo dogo. Katika ghala la serikali pale Nachingwea, mishono ya wenzake wote ililala upande mmoja. Ya kwake ililala kinyume, na kila mpakizi mgeni alidhani gunia limeshonwa na mlevi. Dada yake Lusiana ndiye aliyemfundisha kushika shazia, ile sindano kubwa ya magunia, wakiwa wasichana kwenye korosho za baba yao. Alimcheka tangu siku ile na hakuwahi kuchoka. "Wewe mtoto," alikuwa akimwambia, "lini utajifunza kushona?"

Lusiana aliolewa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, kwa Wamakua wenzao. Tangu kimbunga kipige pande zile simu yake ilikuwa haipatikani. Siku tisa sasa. Marietha alipiga asubuhi kabla ya uji, akapiga tena mchana, na sauti ileile ya mashine ikamjibu kwa Kireno asichokijua ila alichokwisha kukielewa.

Ndipo serikali ikatangaza kwamba inawapelekea jirani chakula, dawa na mahema. Watu wa Nachingwea wamezoea kuisema serikali, na wana haki yao, maana mbolea ya kuchelewa wanaijua na barabara za matope wanazijua. Lakini mara hii hata wasemaji wakubwa walikosa neno. Tangazo lilisomwa Jumatatu, na Jumanne malori ya jeshi yalikuwa yamepangana mbele ya ghala, wapakizi wako juu, mahindi yanapimwa.

Marietha alishona magunia matatu. La nne aliliangalia, akaichomeka shazia kwenye kanga yake kifuani, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa ghala. Huyo aliitwa Kornel, mtu mwema ila mwenye kuheshimu karatasi kuliko chakula cha mchana.

"Mwanangu Kornel, msibani unapeleka nini?"

"Mama Marietha, malori yanaondoka kesho alfajiri."

"Nimekuuliza, msibani unapeleka nini?"

Kornel alikuwa mtoto wa Chinongwe, na jibu alilijua. Kwao huko, mtu akifiwa majirani hawampelekei mahindi ya punje. Mfiwa hatwangi, hasagi, hashiki mchi mpaka matanga yaishe. Anapelekewa unga, ikiwezekana na mzigo wa kuni juu yake. Ukimpelekea punje ni kama umemwambia alie upesi, kazi inamngoja.

"Unga," alisema kwa sauti ndogo.

"Haya. Hawa maji yamewachukulia nyumba, vinu, mashine, kila kitu. Dada yangu yuko huko. Kama yu hai, ana miaka sabini na meno manne. Punje hizi atazifanya nini?"

"Hati imeandikwa mahindi, mama."

"Hati haijawahi kufiwa."

Kornel aliinamisha kichwa. Kuchelewesha msafara wa taifa zima kwa maneno ya mshona magunia! Angeweza kujulikana mpaka Dodoma, tena kwa ubaya. Hata hivyo aliinua simu. Kutoka wilayani neno likapanda mkoani, mkoani likapanda juu zaidi, na Marietha akasimama palepale mlangoni, hakubali kiti. Baada ya saa moja simu ikaita. Kornel alisikiliza, akasema "ndiyo, mheshimiwa" mara tano, akaikata na kujifuta uso.

"Dawa na mahema vitangulie leo," alisema. "Mahindi yasagwe. Tumepewa siku tatu. Na wamesema mama aliyeliona jambo hili ashukuriwe."

"Washukuru wakishasaga," Marietha alijibu, lakini moyo wake ulijaa. Hakuwahi kudhani kwamba neno lake lingefika huko na kusikilizwa.

Mashine zote za Nachingwea zikawashwa, na hazikutosha. Ruangwa wakafungua za kwao, mpaka Nanganga na Chinongwe. Wenye mashine walisimamisha kazi zao wenyewe, wala hakuna aliyenung'unika. Njia zilizoyashinda malori kwa matope, Ngolo alizimaliza kwa mikokoteni sita ya ng'ombe. Ngolo alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Mkotokuyana mwaka juzi, na wiki iliyopita tu alikuwa ameshitakiwa kwa ng'ombe wake kula mihogo ya watu.

"Leo ng'ombe wako wamelala shamba la nani?" Marietha alimtania.

"Leo wamefungwa nira, mama," Ngolo alicheka, akabeba gunia begani. "Wanalipia ile mihogo."

Marietha alishona viroba vya unga siku tatu, mpaka vidole vikachubuka. Kila kiroba alichomaliza alikipiga kofi dogo, kama unavyompiga mtoto mgongoni unapomtuma dukani: nenda, usipotee.

Msafara ulipoondoka, watu walijipanga kando ya barabara wakipiga vigelegele. Kornel alipiga saluti ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha. Marietha aliipenda nchi yake siku ile, na hakuona haya kulia.

Kisha zikaja siku za kungoja. Ya kwanza, ya tano, ya kumi. Aliendelea kupiga, na Kireno kikaendelea kumjibu.

Siku ya kumi na moja, akiwa anaosha vyombo uani, simu yake iliita kwa namba ngeni.

"Wewe mtoto," ilisema sauti ya kukwaruza.

Marietha alikaa chini, palepale kwenye maji ya vyombo.

"Nimeazima simu ya watu, usinipotezee muda kwa kulia," Lusiana alisema. "Tuko kambini, mimi na wajukuu wote. Leo tumegawiwa unga. Nimekigeuza kiroba nikifungue, nikaona mshono umelala kinyume. Nikamwambia kijana anayegawa kwamba huyu ni mdogo wangu. Akadhani njaa imenipanda kichwani."

Marietha alitaka kuuliza nyumba, shamba, majirani. Kilichotoka ni kilio tu.

"Nyamaza," alisema Lusiana, na sauti yake mwenyewe ikakatika. "Nyamaza nikuulize. Mpaka leo hujajifunza kushona?"