Lozi za Samawati

Bahari, giza, bahari. Treni ya kwetu Levanto hukimbia hivyo: inatoboa mlima, inachungulia maji, inazama tena. Asubuhi nilikaa upande wa kushoto, nisipitwe na kipande hata kimoja. Nilivaa gauni unalolipenda, Gerolamo. Nilikuwa nakwenda Chiavari kuchukua lozi zetu.

Lozi za sukari, tano tano katika kifuko, za kuwapa wageni kesho baada ya misa. Nyeupe za harusi, za rangi ya fedha kwa miaka ishirini na tano ya ndoa, samawati kwa mtoto wa kiume anayebatizwa. Nani kwetu hajui?

Bahari, giza, bahari. Kila handaki lilipogeuza dirisha kuwa kioo, nilipaka rangi ya midomo. Nilikuwa na furaha, bwana wee, furaha ya kijinga.

Bi Ersilia wa dukani akanikumbatia. "Haya, bi harusi! Za fedha hizi hapa, kila kifuko na majina yenu. Na huu mzigo mwingine wa bwana. Alisema atapitia mwenyewe Jumatano, lakini ushafika, mpunguzie safari." Akalifunua kasha kidogo. Samawati. "Hongera, mama! Nani kajifungua?"

"Binti wa dada yake," nikasema. Nilikutetea kabla sijajua nakutetea kwa lipi.

Treni ya kurudi ilipopita kituo cha Lavagna, nikalifungua lile kasha. Kulikuwa na rundo la kadi, zote na maandishi ya dhahabu: *Giacomo. Wazazi wake, Mirella na Gerolamo, wanawashukuru.*

Mirella aliyekuwa akinikata nywele! Aliyehamia Rapallo kumuuguza mama yake, nami nikampa mtungi wa mafuta ya zeituni aende nao. Na Giacomo, ee Gerolamo, Giacomo! Jina tulilomwekea mtoto wetu, yule tuliyemngoja mpaka nikachoka kungoja. Hata hilo ukalibeba ukampelekea.

Mama yako aliagiza kwa Ersilia. Bibi yako aliagiza kwa mama yake Ersilia. Umeweza kubadilisha mke, mwanamume wewe, duka limekushinda.

Nililia handaki zima. Kisha nikaanza kufungua utepe wa vifuko vyetu, kimoja kimoja, nikitoa za fedha na kutia za samawati, tano tano, na kadi juu yake. Kuufunga tena utepe kukanishinda. Bibi aliyekaa mbele yangu akavua miwani.

"Lete nikusaidie, mwanangu. Ubatizo lini?"

"Kesho," nikamwambia. "Saa tano."

"Mungu amkuze," akasema, na akafunga utepe vizuri kuliko mimi.

Nilikuwa nimekaa upande wa kulia sasa. Samawati, giza, samawati. Kesho mama yako atafungua kifuko chake kabla ya wote, kama kawaida yake.