Betri ya Kinanda cha Shemeji

Fundi Taratibu hakupewa jina hilo bure. Ukimpelekea redio leo, ujue utaifuata wiki ijayo, na ukimharakisha anakuuliza kama umemletea redio au umemletea presha. Lakini asubuhi hiyo alikuwa sebuleni kwa dada yake, amepiga magoti mbele ya kinanda cha shemeji yake, jasho linamtoka kama aliyefumaniwa.

Kinanda chenyewe kilikuwa kizee, miaka thelathini na ushei. Kumbukumbu yake ilishikiliwa na betri moja ndogo kama kifungo cha koti, na betri hiyo ilikuwa imekufa na kuvuja. Sasa kilichobaki kushikilia kila kitu ni umeme wa ukutani. Zima tu, kwisha habari.

Na kilichokuwemo ndani si mchezo. Shemeji alimtungia mkewe wimbo, mwaka mzima, hedifoni masikioni, hataki mtu ausikie mpaka uive. Siku mbili kabla hajampigia, kiharusi kikampiga yeye. Mkono wa kulia ukafa, ulimi nao ukafa. Wimbo ukabaki humo, na duniani hakuna aliyewahi kuusikia ila yeye.

"Mdogo wangu, utaweza?" dada aliuliza kutoka jikoni, mara ya nne hiyo.

"Dada, ukiniuliza tena nakuja kukulehemu mdomo."

Dada akacheka. Shemeji naye, kitini pake, akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Kubadilisha betri huku kinanda kinawaka ni kazi ya roho mkononi. Chuma cha kulehemu kikiwa kwenye umeme kinaweza kuvujisha umeme kidogo, na huo kidogo unatosha kufuta kila kitu. Kwa hiyo Taratibu alikuwa na mtindo wake: anakipasha moto, anachomoa plagi yake, ndipo anagusa. Kikipoa, anachomeka tena. Waya wa kwanza wa betri mpya ukashika. Safi. Akachomeka, akangoja, akajifuta jasho. Macho yakiwa hayabanduki kwenye waya wa pili, akapeleka mkono nyuma kwenye ekstensheni, akachomoa.

Kioo cha kinanda kikazimika.

Mwenda pole hajikwai, wanasema. Waongo wakubwa! Plagi aliyoishika mkononi haikuwa ya chuma cha kulehemu.

Aliirudisha upesi kuliko alivyowahi kufanya jambo lolote maishani. Kioo kikawaka. Akaita wimbo namba moja: tupu. Namba mbili: tupu. Akaenda mpaka ya mwisho, akaanza upya, kana kwamba wimbo umejificha nyuma ya mlango. Tupu. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuthubutu kugeuka, maana alijua shemeji ameona yote.

Akaanza kubonyeza ovyo, kitufe hiki na kile. Ghafla muziki ukajaa sebule. Ulikuwa wimbo uliokuja na kinanda tangu kiwandani, ule wa kuvutia wateja dukani, ambao haufutiki hata betri ife mara mia.

Dada akatoka jikoni mbio, mikono ina sabuni.

"Ndio huo? Jamani, ndio huo!" Akajifunika uso kwa mikono ile ile yenye sabuni, akalia kwa sauti. "Baba watoto, kumbe mwaka mzima ulikuwa unanitungia hivi? Kumbe ni mzuri hivi?"

Taratibu akafungua mdomo. "Dada, sikiliza, huu..."

Paa! Shemeji alikuwa amegonga kiti kwa mkono wake mzima. Machozi yalimjaa, lakini alimkazia Taratibu macho bila kupepesa, akatikisa kichwa: hapana. Kisha akamgeukia mkewe, akaitikia kwa kichwa, ndio, ndio.

Wimbo ukaisha.

"Urudie, mdogo wangu," dada akasema, akikaa sakafuni miguuni pa mumewe. "Tangu mwanzo."

Taratibu akaurudia. Siku hiyo aliurudia mara sita, na hakuna hata mara moja aliyoweza kumtazama shemeji yake.