Uyoga wa Kisiki

Uyoga ulikuwa umekwisha kuliwa. Oyoo alirudi kutoka kung'oa visiki kwenye shamba la chai la Kericho akakuta sufuria imekombwa, na mkewe Wilkista na watoto wao, Adoyo na Ojwang, wanalamba vidole.

"Tumekuwekea kidogo, baba Adoyo."

"Umeuchuma wapi?"

"Kwenye kisiki kule mwisho wa chai. Nilifanya ulivyoniambia, nikatafuta mchwa. Nimebandua gome, mchwa tele!"

Oyoo hakugusa bakuli. Kwao, kando ya ziwa, uyoga wa mchwa huota juu ya kichuguu, na kila mtu anajua hauui. Lakini Wilkista alilelewa mjini Kisumu. Uyoga aliujua ukiwa mkavu, sokoni. Na mchwa wa kisiki wamefuata mti mkavu tu.

Alichukua jembe akatoka na jirani yake Kiarie, mpasua mbao.

"Nyinyi watu wa ziwa," Kiarie alimcheka njiani, "mkikosa samaki mnakula hata kuvu ya miti!"

Kisiki kilikuwa kimejaa vishada vya uyoga mdogo wa kahawia, kila shina na pete yake. Oyoo alifukua taratibu, akavuta mmoja. Uyoga wa kwao, alimweleza Kiarie, una mzizi mrefu kama mkia wa panya, unashuka mpaka kwenye shimo la mchwa. Huu ulitoka na kipande cha gome, basi. Kiarie akaacha kucheka.

"Habari ya mzizi hukumwambia mkeo?"

"Kwetu nani huambiwa mzizi?"

Usiku huo Wilkista na watoto walitapika wote watatu mpaka kukacha. Dresa, mhudumu wa zahanati ya kampi ya wafanyakazi, akawapa dawa ya tumbo. Siku iliyofuata waliamka wakidai uji, na Ojwang akamwiga dada yake akitapika.

"Unaona?" Wilkista akasema. "Na wewe ulishabeba jembe la kutuzika."

Oyoo alicheka, akaenda kazini.

Jioni macho ya Ojwang yalikuwa ya manjano. Ya mama yake pia. Dresa aliyatazama, kisha akatazama chini. "Ni ini, mzee. Sina dawa yake."

Ojwang alitangulia, mama yake akafuata. Makaburi yalichimbwa pale pale Kericho, mbali na boma la wazee wao, kwa jembe lile lile. Adoyo alikuwa amekula kidogo, maana hakupenda utelezi wa uyoga ule.

Walikula watu watatu. Alibaki mmoja.