Besi ya Isaka

"Taratibu, kaka! Hilo si gunia la mahindi!"

Dereva wa bodaboda alicheka, akafungua mipira iliyoshikilia boksi, na Ombeni akalipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto siku ya ubatizo. Alikuwa ametoka nalo Tunduma, anakouza simu dukani, na kutoka barabara kuu hadi Isansa hakuacha kugeuka nyuma kulitazama.

Mama yake, Ruti, alikuwa kwenye kichanja cha kahawa nyuma ya nyumba. Alichota konzi ya punje, akaitikisa karibu na sikio. Kahawa iliyokauka hulia kama changarawe kwenye kopo. Yenye maji hunong'ona tu. Hii ilikuwa bado inanong'ona. Akaitandaza tena juani, akaja kumpokea mwanawe.

"Nimekuletea, mama. Si ulisema unataka besi?"

Ruti aliitazama picha ya spika kwenye boksi. Ni kweli alisema. Baada ya Pasaka Ombeni alimpigia simu kumuuliza kama zile nyimbo za kwaya alizomwekea kwenye flashi zinasikika vizuri kwenye kiredio chake. Akamjibu, "Zinasikika, mwanangu. Ila besi siipati. Natamani sana besi."

"Asante, baba," alisema sasa, akimshika mashavu. "Mungu akuzidishie." Na alimaanisha.

Tabita, jirani yao, alikwisha kufika. "Mama Ombeni, leo Isansa nzima hatulali!"

Ombeni aliunganisha nyaya sebuleni, akachomeka flashi, akazungusha kitufe cha besi mpaka mwisho. Ulikuwa wimbo uliorekodiwa kanisani, wakati Isaka, baba yake, bado yu hai. Ngoma ilipopiga, vikombe kabatini vikaanza kugongana. Kuku aliyekuwa mlangoni aliruka akatoweka. Tabita akajishika kifua.

"Yesu wangu! Moyo unanipiga kutokea nje!"

"Hiyo ndiyo sabufa!" Ombeni alipaza sauti. "Unaisikia besi, mama?"

Ruti alikuwa amefumba macho. Alisikia ngoma, na kinanda kikiunguruma. Waimbaji walikuwa mbali, kama watu wanaoita kutoka ng'ambo ya mto uliojaa. Alitabasamu kwa sababu mwanawe alikuwa akimtazama. Chozi likamponyoka hata hivyo.

Ombeni akazima haraka. "Nini, mama? Mbovu?"

"Si mbovu. Ni nzuri mno." Alijifuta kwa ncha ya kanga. "Ila hayumo."

"Nani?"

"Besi. Baba yako."

Ombeni alibaki na kidole kwenye kitufe. Kwake yeye besi ilikuwa ule mtikisiko unaosimamisha wapita njia pale Tunduma. Alikuwa amesahau kwamba kwenye kwaya besi ni wanaume wanaosimama mstari wa nyuma, na kwamba mwisho wa mstari ule, karibu na dirisha, ndipo aliposimama baba yake. Isaka hakuacha sauti yake mahali pengine popote. Hata simu alikuwa akiipokea kwa kukohoa tu.

"Tena alikuwa anachelewa, huyo!" Tabita alisema. "Wenzake wameshaingia, yeye ndiyo kwanza anakumbuka."

"Alikuwa ananisubiri mimi nimalize sauti ya kwanza," Ruti akamtetea.

"Alikuwa anachelewa, mama Ombeni."

Ombeni aliurudisha wimbo mwanzo. Safari hii akaupunguza ule mtikisiko kidogo kidogo, sikio karibu na spika, mpaka vikombe vikatulia. Waimbaji wakasogea. Wanawake kwanza, kila mmoja mahali pake, hata ungeweza kuwahesabu, kisha wanaume. Halafu, pumzi moja nyuma ya wenzake, ikaja sauti nzito yenye mkwaruzo, ikiwafuata bila haraka.

"Huyo," Ruti alinong'ona.

"Kachelewa," Tabita alisema, na sauti yake ikakatika.

Hapohapo umeme nao ukakatika.

"Jamani!" Ombeni alijipiga paja. "Sasa hivi tu!"

Ruti aliinuka pole pole, akachomoa flashi, akatoka nayo mpaka kichanjani. Kiredio chake cha sola kilining'inia kwenye msumari wa nguzo, betri yake imejaa jua la asubuhi. Akaipachika ile flashi. Wimbo ukatoka mwembamba, kama unapita kwenye bomba. Ombeni aliinamisha kichwa, akakunja uso.

"Wanaume hawasikiki kabisa, mama."

Ruti aliinua kidole, akangoja. "Huyo hapo. Umemsikia?"

"Hapana."

"Hukujua pa kumngojea. Hata mimi nilikuwa sijui, siku zote hizi, na kumbe alikuwemo." Akamgusa mkono. "Wewe ndiye umenionyesha."

Tabita aliwafuata, mikono kiunoni. "Haya, tuambieni basi. Lipi lina sauti nzuri, lile kubwa au hili?"

"Nyamaza, Tabita. Anakaribia kuingia."

Ruti alichota konzi ya kahawa, akaiinua sikioni, lakini hakuitikisa. Kiitikio kilikuwa kinarudi. Wanawake waliingia, kisha wanaume, na upande wa pili wa kichanja, macho yake kwenye punje zilizotandazwa, Ombeni akafungua kinywa na kuanza kuimba besi, akiwa amechelewa kidogo.