Utosi wa Lutengano

Mama Atuganile alikataa kulia. Nilikuwa nimetoka Kilolo kwa lori la mbao, siku mbili barabarani hadi Uyole, kumletea habari kwamba mwanawe amekufa na tumeshamzika. Alipokea blanketi la marehemu, akapokea na shati, akaviweka kando. Kisha akaniambia nirudi kwetu.

"Kina Lutengano wapo wengi," alisema. "Huyo uliyemzika ni wako. Wangu aliondoka hapa miaka minane iliyopita, na hajaniletea neno kwamba anaumwa."

"Ni kichomi, mama. Siku tatu tu."

"Alikuwaje usoni?"

Nikajibu upuuzi: mweusi, mrefu kiasi, macho ya kawaida. Majirani walikuwa wamekaa uani wamejitanda, wanamsubiri yeye aanze ndipo nao waangue kilio, naye haanzi. Nilikasirika, nasema kweli. Nilimpenda yule mtu kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na sasa alikuwa anakosa hata kuliliwa kwao kwa sababu mimi Crispin sijui kueleza sura.

Tulipasua mbao pamoja miaka sita, hadi masika yale ya 1955. Gogo hulazwa juu ya shimo. Mmoja husimama juu yake, mwenzake huingia chini, na msumeno hupanda na kushuka kati yao tangu asubuhi. Mimi nilikuwa wa juu. Mistari ya kufuata ilikuwa kazi yangu pia: unapaka uzi mkaa, unaukaza, unauachia upige gogo. Lutengano alikuwa wa chini, anayemwagikiwa unga wa mbao kutwa nzima.

Nikaokota kipande cha mkaa jikoni kwa mama, nikauegemeza ubao wa benchi ukutani, nikaanza kuchora uso. Uliotoka ulikuwa uso wa mtu yeyote. Hata mimi ningemkataa. Jirani mmoja, mzee Isakwisa, akasema chini chini kwamba Mhehe huyu anamchorea mwenzake mbuzi. Nikaufuta kwa kiganja.

Hasira ikanipanda. Nikaulaza ule ubao chini, nikatanua miguu juu yake kama nisimamavyo juu ya gogo, nikainama. Hapo mkono ukajua. Nilichora nilichokitazama miaka sita: utosi, mabega mawili, mikono miwili imeshika mpini wa msumeno. Nywele nikazijaza mkaa, nikiacha vitone vyeupe vya unga wa mbao, maana havikukosekana hata siku moja. Nyuma kidogo ya utosi nikaacha mahali pasipo nywele, parefu kama harage. Kovu lile sikuwa nimelitaja. Nilikuwa nimelizoea mno.

Mama Atuganile alikuja akasimama kando yangu. Akaelekeza kidole pale pasipo nywele.

"Aliangukia figa," alisema. "Nilikuwa nimekwenda mtoni. Hata kutembea alikuwa hajaanza vizuri."

Akapiga magoti mbele ya ubao.

"Mbona mmemzika na vumbi kichwani?"

"Tulimwosha, mama. Nilimwosha mwenyewe, kwa maji ya moto."

Hakunisikia. Alikunja ncha ya kanga yake, akaitia mate kidogo, akaanza kumpangusa nywele taratibu, kama mtoto anayepelekwa kanisani. Mkaa ukatawanyika. Kovu likafutika, kisha mabega, kisha ile mikono. Nilitaka kumzuia, nimwambie hiyo ndiyo picha pekee tuliyo nayo. Sikuthubutu. Alipangusa mpaka ubao wote ukawa mweusi, kanga nyeusi, viganja vyeusi. Ndipo akajifunika uso kwa viganja hivyo, akaangua kilio, na ua mzima ukamfuata.