Uchafu wa Wiki Saba

Kuna mambo mawili ambayo Bi Tega hakuweza kuyaona akanyamaza: kitendawili kisicho na jibu na uchafu usio na sababu. Jina lake lilitokana na vitendawili. Mgeni alikuwa hajavua hata viatu, yeye keshasema "Kitendawili!", na asiyejibu "Tega!" hakukaribishwa kiti. Kwa usafi hakupewa jina, ila sufuria zake zilitosha mtu kujitazamia ndevu.

Mumewe alikuwa dereva wa vifaru aliyestaafu. Mtaa mzima ulimwita Dereva, ingawa siku hizi hakuendesha hata baiskeli. Kifaru alichobaki nacho kilikaa mezani karibu na dirisha: cha plastiki, kirefu kama kiatu cha mtu mzima, sawasawa na kile alichokiendesha jeshini miaka kumi na moja, ila kimepunguzwa mara thelathini na tano. Wengine hujenga vifaru vya namna hii kwa nje tu, wakapaka rangi, basi. Dereva alijenga na ndani. Aliweka viti vinne vidogo kama kucha, redio yenye vifundo vya kuonekana kwa lenzi, pedali za dereva, na makombora yaliyojipanga ukutani kama chupa za soda kwenye kreti. Kuta za ndani alizipaka nyeupe, maana ndivyo zilivyokuwa, ili ule mwanga kiduchu unaoingia usipotee.

Jumamosi yangekuwapo maonyesho ya kushindanisha vifaru vidogo kwenye ukumbi wa shule, na mwamuzi alikuwa Afande, kamanda wake wa zamani. Miaka miwili mfululizo Dereva alikuwa ameshindwa na jirani yao, Daktari wa Meno, mtu mwenye vibano vya kila namna na ulimi uliovishinda vibano vyote kwa ukali.

"Ndani unahangaikia nini, Dereva?" alimchokoza getini. "Ukishagundisha kifuniko cha juu, nani ataona?"

"Na wewe unachimba magego ya nyuma, nani anayaona?"

"Mwenye maumivu."

"Basi na mimi ninayo."

Na kweli alikuwa nayo. Miaka yote ile Afande hakuwahi kumwambia hata "umefanya vizuri". Dereva hakulalamika, lakini Bi Tega alikuwa amemsikia bafuni, mara mbili, akijizoeza mbele ya kioo: "Asante sana, Afande."

Alhamisi mchana Dereva alitoka kwenda kununua vanishi, na kutoka huko apitie kwa kinyozi. Bi Tega akapita mezani na kitambaa cha vumbi. Kifuniko cha juu kilikuwa kimelazwa pembeni, bado hakijagundishwa. Akaokota lenzi, akachungulia ndani, akaruka nyuma.

"Yarabi! Huyu mzee! Ndiyo nyumba ya kumpelekea Afande hii?"

Sakafu ilikuwa na tope. Kuta zilichuruzika mafuta. Kutu huku, masizi kule, na kiti kimoja kama kimelaliwa na mbuzi. Bi Tega akamwonea mumewe huruma, maana macho ya uzee hayaoni vumbi. Akaleta beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni ya kufulia na mswaki laini. Akasugua kila pembe, hata nyuma ya redio, huku akiimba. Dakika tano tu, ndani ya kifaru pakang'aa kama sahani ya mgeni.

Simu ikalia.

"Mama watoto," alisema Dereva, "nimekaa kwenye foleni ya kinyozi. Usikiguse kile kifaru, tafadhali. Ule uchafu haujashika."

"Uchafu gani, mzee?"

"Wa ndani. Nimeuchora wiki saba. Ndiyo maana nimetoka kununua vanishi, niupulizie ushike. Ukiupumulia tu, umekwenda."

Bi Tega akalitazama beseni. Wiki saba zilikuwa zinaelea mle, rangi ya kahawia, pamoja na povu.

"Sijaupumulia," akasema. Na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Alipokata simu alikaa chini. Alifikiria kumsingizia paka, ila hawakuwa na paka. Alifikiria kusema kweli, lakini akakumbuka "Asante sana, Afande" ya bafuni, na ulimi ukamwia mzito. Dawa ilikuwa moja, kuurudisha uchafu mahali pake. Ila mahali pake ni wapi? Mtu anayesafisha hauangalii uchafu, huufukuza tu.

Hapo ndipo ilipomjia picha ya ovaroli.

Miaka kumi na moja, kila Ijumaa, alikuwa ameifua ovaroli ya dereva wa kifaru. Ndani ya kifaru chenyewe hakuwahi kuingia, lakini madoa yake aliyajua kuliko mistari ya kiganja chake. Kiwiko cha kulia kilikuja na mafuta meusi, basi upande wa kulia palikuwa na kitu kinachovuja. Bega la kushoto lilikuja na rangi nyeupe. Nguo ilikuwa imechukua, basi ukuta ndio uliotoa, na pale ukutani lazima rangi imebanduka. Kofia nayo ilikuwa na duara la grisi utosini kila wiki, maana yake mtu mrefu alikuwa akigonga kichwa darini.

"Kumbe ni kitendawili tu!" akasema Bi Tega, akakunja mikono ya gauni.

Akachukua masizi ya chini ya sufuria la zamani, wanja wake, unga wa penseli, majani ya chai yaliyolowekwa, na udongo mwekundu wa chungu cha maua. Kijiti cha kuchokolea meno kikawa brashi. Akatia mafuta penye kiwiko. Akakwaruza ukuta penye bega. Akakipindua kifuniko kwenye mwanga na kuweka doa la grisi, kubwa kama kichwa cha sindano, juu kabisa ya kiti cha dereva.

Ungedhani angeishia hapo. Lakini alikumbuka na mifuko. Kila Ijumaa, mfuko wa kulia, maganda ya karanga. Na kila Ijumaa Dereva alikuwa akiapa kwamba ndani ya kifaru ni marufuku kula. Bi Tega akasaga ngozi nyekundu ya karanga moja, akanyunyiza chembe mbili chini ya kiti. Akacheka peke yake mpaka kijiti kikamdondoka.

Jioni Dereva alirudi amenyolewa vizuri. Akashika lenzi, akachungulia. Akachungulia tena. Bi Tega alikuwa anapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

"Mh," alisema Dereva. Akapuliza vanishi, akagundisha kifuniko cha juu, akaacha wazi vilango vya juu vya kuingilia, ili ndani paonekane.

Jumamosi Afande alifika ukumbini, mzee mkavu kama fagio, na kurunzi ndogo kama kalamu. Kifaru cha Daktari wa Meno alikimulika mara moja. "Safi sana. Kimetoka kiwandani leo asubuhi." Daktari hakujua kama acheke au alie.

Mbele ya kifaru cha Dereva palikuwa na kadi: *Uchafu wa ndani: wiki saba.* Bi Tega alipaliwa na mate yake.

Afande akainama. Akakawia. "Mafuta ya kulia, ndiyo. Rangi ya kushoto, ndiyo. Hata dari! Nani anakumbuka dari?" Halafu sauti ikabadilika. "Dereva."

"Naam, Afande!" Visigino vikagongana vyenyewe.

"Chini ya kiti kuna nini?"

Daktari wa Meno, mbio mbio, akatoa kibano kirefu cha kazini kwake. Afande akachomoa chembe nyekundu, akaiweka kiganjani, akaiangalia kama mtu aliyempata mwizi wake.

"Karanga! Mwaka mzima panya walinitafunia nyaya za redio! Nikawachimbisha watu wanne mahandaki, mla karanga asijulikane!"

Dereva akageuka polepole kumtazama mkewe. Mkewe alikuwa anahesabu taa za darini.

"Nani alikuwa akikufulia?" aliuliza Afande.

"Mke wangu, Afande."

"Mama, mfuko gani?"

"Wa kulia," alisema Bi Tega. "Kila Ijumaa."

Afande akaanza kutikisika mabega. Hakuna aliyewahi kumwona akicheka, kwa hiyo mtu mmoja alikimbilia kumletea maji. Alipotulia, akachukua kikombe cha ushindi na kumpa Dereva. "Hiki kimekaliwa na watu. Umefanya vizuri."

"Asante sana, Afande," alisema Dereva. Ilitoka vilevile kama bafuni.

"Bado adhabu. Umechora uchafu wiki saba? Wiki saba utajifulia mwenyewe."

Jumapili mchana Dereva alikuwa uani mbele ya beseni, mikono imezama kwenye povu. Bi Tega alikuwa kwenye kigoda, anamsimamia.

"Kitendawili," alisema Dereva.

"Tega!"

"Nilijenga wiki saba, ikabomoka mara moja, ikajengwa mchana mmoja ikanishinda mimi."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Bi Tega alikosa jibu, au alilikwepa. "Nakupa mji."

"Mji siutaki."

Bi Tega akakisogeza kigoda karibu. "Ulijua tangu lini, baba watoto?"

"Tangu Alhamisi. Kifaru gani kinanukia sabuni ya kufulia?" Akakamua shati. "Nilitaka kugomba, nikaona dari. Nimegonga kichwa pale miaka kumi na moja na nimesahau. Wewe hujawahi kuingia hata siku moja, ukakumbuka. Ningegomba nini? Ila karanga sikuziona."

"Karanga hukutakiwa kuziona." Bi Tega akanyoosha kidole kwenye beseni. "Kiwiko, mzee. Cha kulia. Hapo bado."